SIMU YA MAMA ILIPOKATAA KUFUNGUKA

Wahenga hawakupayuka walipolonga kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima nilichochimba mimi kilikuwa cha tarakimu sita tu, nami sikuingia peke yangu, bali nilimtumbukiza mama mzazi pamoja na sare za wanafunzi 31. Huenda wewe unayesoma ukurasa huu ulivaa mojawapo ya sare hizo. Hata hivyo, sikuja kujililia hapa. Hili ni somo. Nataka ujue la kufanya siku ambayo simu iliyo yako wewe mwenyewe itakukana mchana peupe.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, la sivyo mlezi wetu wa chama atanirudishia makala haya yakiwa mekundu kwa wino. Simu hizi za kugusa kioo wengine huziita rununu, wengine simu tamba, na jirani zetu wa Tanzania husema simujanja. Neno la siri la kufungulia akaunti nitaliita nenosiri, ingawa kuna wanaopenda nywila. Zile tarakimu za kufungulia kioo nitaziita nambari ya siri. Hivi ni vitu viwili mbalimbali, na kuvichanganya ndiko kulikotupotezea siku nzima. Ile kadi ndogo ni laini, kama tunavyosema sote mtaani. Na ile simu ndogo yenye tochi ni mulika mwizi, jina ambalo sijaona kamusi itakayolishinda kwa utamu.

Mama yangu ni fundi wa cherehani karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu. Kila mwisho wa mwaka wazazi humiminika kwake kuagiza sare za Januari. Kwa miaka mingi aliandika vipimo katika daftari la kurasa 200: kifua, kiuno, mabega, urefu wa mkono, na pembeni arbuni aliyolipa mteja. Mwaka juzi mimi, kwa kujitia ujuzi, nikamwambia hayo ni mambo ya kizamani. "Mama, piga picha tu. Daftari linaweza kunyeshewa." Basi akawa anaandika vipimo kwenye kikaratasi, anakilaza juu ya kitambaa cha mteja, anapiga picha, kisha anakitupa kikaratasi. Ilifanya kazi vizuri ajabu. Daftari likaishia kuwa la kuwashia jiko.

Likizo ya Desemba ilipofika, kitinda mimba wetu akawa anaichukua simu usiku na kucheza michezo chini ya blanketi hadi chaji inaisha. Niliapa kumkomesha. Nikaingia kwenye mipangilio nikabadilisha nambari ya siri, nikaweka tarakimu sita ambazo niliona hawezi kuzibahatisha. Sikuziandika popote. Mama hakuhisi badiliko lolote kwa sababu yeye hufungua kwa alama ya kidole. Siku zikapita, kidole kinafungua, hakuna aliyeulizwa nambari.

Kisha stima ikapotea usiku kucha. Simu ikaisha chaji, ikazimika. Asubuhi mama akaichomeka kwa jirani mwenye sola, ikawaka, akaweka kidole. Ikakataa. Akakipangusa kidole kwenye leso, akaweka tena. Ikamjibu kwamba inataka nambari ya siri kwa kuwa simu ilikuwa imezimwa.

"We mtoto, umefanya nini simu yangu?"

"Mama, nilibadilisha tu nambari, yule asicheze."

"Ukaweka gani?"

Nikanyamaza. Lahaula! Zile tarakimu zilikuwa zimeyeyuka kichwani mwangu kama sukari katika chai moto.

Hapa ndipo somo linapoanza. Simu ikizimwa na kuwashwa upya, huwa haikubali kidole wala uso hadi kwanza uingize nambari ya siri, mchoro au nenosiri la kioo. Si hitilafu. Mambo yaliyomo ndani ya simu yamefichwa kwa usimbaji, yaani yamegeuzwa kuwa fujo isiyosomeka, na nambari yako ni sehemu ya ufunguo wa kuirudisha fujo hiyo kuwa picha na majina. Kidole huja baadaye kama njia ya mkato tu. Nilishuhudia jambo hili kwa macho yangu. Wateja walipopiga, simu iliita kama kawaida, lakini majina hayakuonekana, nambari tupu. Kitabu cha majina kilikuwa bado kimefungwa ndani. Simu zote mpya zilizotoka kiwandani zikiwa na Android 10, ya mwaka wa 2019, na zilizofuata ni lazima ziwe na usimbaji huu. Ndiyo maana yule anayekuambia kwamba atachomoa picha zako kwa waya bila nambari huwa anakutania.

Basi nikaanza kubahatisha. Mwaka wangu wa kuzaliwa, wa kitinda mimba, nambari yangu ya usajili shuleni. Baada ya makosa matano simu ikaniambia nisubiri sekunde 30. Nikasubiri, nikakosea, nikasubiri tena. Jioni hiyo, badala ya kufanya kazi ya hisabati ya likizo, nikafanya hesabu hii. Nambari ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Ya tarakimu sita ina 1,000,000. Ikiwa kila jaribio lingenigharimu sekunde 30, ningehitaji sekunde 30,000,000, ambazo ni karibu siku 347 bila kulala wala kuja shule. Na simu haikubaki kwenye sekunde 30. Kadiri unavyokosea ndivyo inavyozidi kukuchelewesha. Mchoro wa vidoti tisa nao una njia 389,112. Kwa hivyo, ndugu msomaji, kama hukumbuki, acha kubahatisha. Kaa chini, fikiria siku uliyoweka nambari ile, ulikuwa wapi na ulitaka kumficha nani. Wengine hukumbuka kwa njia hiyo. Mimi sikukumbuka.

Aliyetuokoa kwa mara ya kwanza ni mwalimu wetu wa kompyuta, ambaye nilimkuta sokoni akinunua omena. Hakuniuliza kuhusu simu. Aliuliza, "Laini iko wapi?" Nikasema imo ndani. "Itoe sasa hivi, uiweke kwenye simu yoyote." Nilikuwa sijawazia hilo! Nambari ya mama na M-Pesa yake haviko ndani ya kioo kilichofungwa. Viko kwenye laini na kwa kampuni ya simu. M-Pesa ilianza mwaka wa 2007, wakati mulika mwizi zilikuwa ndizo simu za watu. Tuliazima moja kwa nyanya, na ndani ya dakika tano mama akawa anapokea arbuni zake tena. Uso wake ulianza kukunjuka kidogo.

Ila tahadhari na laini yenyewe, kwani nayo yaweza kuwa na kufuli lake. Kama uliiwekea nambari ya siri, ukiihamisha itakuuliza. Ukikosea mara tatu itafungwa na kudai nambari ya tarakimu nane iitwayo PUK, ambayo huchapishwa kwenye ile kadi kubwa laini ilimokuwa imebanwa ulipoinunua, kadi ambayo sote huitupa siku hiyo hiyo. PUK ukiikosea mara kumi, laini imekufa, na itabidi mwenye laini aende na kitambulisho apewe nyingine yenye nambari ile ile.

Siku ya pili tulienda kwa fundi wa simu. Sitamtaja wala sitataja alipo.

"Hiyo ni kazi ya dakika kumi, siste. Tunaflashi. Leta soo tano."

"Na picha?"

"Picha gani? Itakuwa mpya kama imetoka dukani."

"Na ikiuliza akaunti?"

Akacheka. "Hiyo ya akaunti tunairuka. Ongeza soo tatu."

Mama alikuwa tayari amefungua kipochi. Nikamshika mkono. Tangu Android 5.1 ya mwaka wa 2015, simu ikifutwa kwa vitufe vya pembeni bila kufunguliwa kwanza, huwaka upya na kumdai mtu akaunti ya Google iliyokuwa ndani yake, au nambari ile ya zamani ya kioo. iPhone nazo zina kufuli la namna hiyo tangu mwaka wa 2013. Liliwekwa ili mwizi akiiba simu asifaidike nayo. Kwa hivyo simu yetu ilikuwa na makufuli mawili, moja la kioo na jingine la akaunti, na kufuta huondoa lile la kwanza tu. Fundi alitaka kuvunja la pili. Kilichonikera si bei yake. Hakutuuliza hata mara moja kama simu ni yetu. Hakuomba risiti wala kisanduku. Angemfungulia vivyo hivyo aliyempora mama yake mwenyewe. Kenya tuna sheria ya mwaka wa 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, na kuingia katika chombo cha mtu bila idhini yake ni kosa. Mwenye simu kufungua simu yake si kosa, lakini utajuaje kwamba ni yake usipouliza?

Tukaondoka. Mama alinung'unika njia nzima kwamba nimemkosesha fundi. Mimi nilikuwa na swali jingine lililonitia baridi: akaunti yenyewe ni ipi?

Waulize wazazi wako swali hili leo jioni. Mama alipoinunua simu, kijana wa dukani ndiye aliyemfungulia akaunti pale pale kaunta, akachagua jina, akabuni nenosiri, akamkabidhi simu na kumtakia siku njema. Mama hakuwahi kujua kwamba ana barua pepe. Tulirudi dukani tukakuta kijana aliacha kazi zamani.

Tulikwenda saiba na mulika mwizi mkononi. Ukurasa wa kuingilia Google una mahali pa kusema umesahau anwani yako. Ukibonyeza hapo unaulizwa nambari ya simu iliyosajiliwa na jina lililo kwenye akaunti. Nambari tulikuwa nayo. Jina tukaandika kama lilivyo kwenye kitambulisho. Halikukubali. Tukageuza la pili likawa la kwanza. Wapi! Mwenye saiba alianza kutuangalia kwa jicho la saa inayokwenda. Ndipo mama akasema polepole, "Yule kijana aliniita Mama Cherehani." Nikaandika Mama kama jina la kwanza, Cherehani kama la pili. Mulika mwizi ikalia ti-ti. Msimbo ulikuwa umefika.

Kumbuka kwamba kama laini ingebaki ndani ya simu iliyofungwa, huenda tusingeuona msimbo huo. Na kama nambari ya mama isingekuwa imesajiliwa kwenye akaunti, sijui tungetokea wapi. Tulipata anwani, tukaomba kubadilisha nenosiri, msimbo mwingine ukaja, tukaweka jipya. Safari hii niliandika.

Hatukukimbilia kufuta simu. Kwanza tulifungua picha za akaunti pale pale kwenye kompyuta ya saiba, maana simu nyingi hupeleka nakala za picha kwenye akaunti zenyewe. Mpenzi msomaji, nilipoona kitambaa cha buluu na kikaratasi cha mama juu yake, machozi yalinilengalenga. Tukahesabu. Oda zilizokuwepo zilikuwa 19. Za mwisho zilipigwa tarehe 26 Desemba. Baada ya hapo, hakuna. Kwa nini? Kwa sababu simu ilikuwa imepangwa kupeleka nakala kwa Wi-Fi tu, ili isile bando. Nyumbani hatuna Wi-Fi. Krismasi tulikuwa kwa mjomba ambaye anayo, na hapo ndipo simu ilipopeleka kila kitu bila kutuambia. Zile oda 12 za baadaye zilikuwa ndani ya simu tu, nyuma ya tarakimu zangu sita. Tulinakili vile vipimo 19 kwa kalamu, na saiba tukalipa shilingi 90.

Nilimweleza mama kwamba tukifuta simu, zile 12 hazitarudi kamwe. Tukisubiri, huenda nikakumbuka. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya siku sita. Akanitazama, akatazama rundo la vitambaa. "Utakumbuka?" Nikamwambia ukweli kwamba sidhani. "Basi futa."

Kuna jambo moja ambalo wengi hulikosea hapa. Ukiwa umebadilisha nenosiri la akaunti, Google hushauri usubiri saa 24 kabla ya kufuta simu, la sivyo huenda akaunti isikubaliwe simu itakapowaka. Tulisubiri. Kesho yake nikaijaza chaji, nikaizima, nikabonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti hadi menyu ya maandishi madogo ikatokea. Vitufe hivi hutofautiana kwa aina ya simu, basi tafuta maelezo ya simu yako mwenyewe. Kwenye menyu hiyo hugusi kioo, unashuka kwa vitufe vya sauti na kuchagua kwa kile cha kuwashia. Nilichagua kufuta data yote. Ikaniuliza kama nina hakika. Mama ndiye aliyebonyeza.

Ilipowaka iliomba intaneti, kisha ikadai akaunti ya mwanzo kama nilivyotarajia. Tukaingiza anwani na nenosiri jipya, ikafunguka. Majina ya wateja yakarudi yenyewe kwa kuwa yalikuwa yamehifadhiwa kwenye akaunti. Mazungumzo ya WhatsApp hayakurudi, kwani nakala yake haikuwahi kupangwa. Jumla ya gharama, saiba na bando, haikufika hata nusu ya soo tano za fundi.

Niongeze mambo mawili ambayo wanadarasa wenzangu huniuliza. Mmoja alinunua simu ya mkono wa pili, akaifuta ili iwe safi, nayo ikamdai akaunti ya mwenyewe wa zamani, ambaye hapatikani kwa simu tena. Ukinunua simu iliyotumika, mwambie muuzaji aondoe akaunti yake kwenye mipangilio mbele ya macho yako kabla hujatoa pesa, tena ubonyeze *#06# ulinganishe zile tarakimu 15 na zilizo kwenye kisanduku. Asipokuwa na kisanduku wala hataki kuondoa akaunti, rudi nyumbani na pesa zako. Mwingine ana simu ya mkopo inayolipiwa kila siku, ikajifunga baada ya baba yake kukosa kulipa. Hilo ni kufuli la namna nyingine kabisa. Kuifuta hakusaidii, nayo si mali yako kamili hadi deni liishe. Zungumza na aliyekukopesha.

Na kama una bahati ya kuwa na iPhone yenye iOS 17 ya mwaka wa 2023 au mpya zaidi, ukibadilisha nambari ya siri, ile ya zamani hukubaliwa kukuokoa kwa saa 72. Mimi ningehitaji siku tisa, kwa hivyo hata hiyo isingenifaa.

Zile oda 12 tuligawana na mama. Yeye alipiga simu, mimi nikazunguka mitaani na futi shingoni, nikipiga hodi na kuomba radhi. Nilianzia Manyatta, nikamalizia Nyalenda jua likizama. Mzazi mmoja alinifokea mlangoni kwamba alilipa arbuni ya 400, na kwa kuwa risiti ya picha ilikuwa imepotea, mama akasema tumwamini. Mwingine alimtoa mwanawe aliyekuwa akila, nikampima. Kiuno kilikuwa inchi mbili zaidi ya zile alizokuwa akizikumbuka mama yake. "Ni chapati za Krismasi," mama yake akasema, akacheka, nami nikacheka kwa mara ya kwanza juma lile. Suruali yake ilikuwa tayari siku ya kufungua shule.

Siku hizi kuna daftari jipya la kurasa 200 juu ya cherehani, na simu hupiga picha ya kila ukurasa. Ukurasa wa kwanza una anwani ya akaunti, kwa mwandiko wangu. Nenosiri pamoja na nambari ya siri ya kioo mama ameviandika mwenyewe na kuvificha mahali ambapo mimi sijaambiwa.